Vidonge vya Jumatano

Miaka kumi na moja nimekuwa nikikunja karatasi ambazo watu wanazitupa bila kuzifungua. Nazungumzia ile karatasi nyembamba inayokaa ndani ya boksi la dawa, yenye maandishi madogo mpaka ukodoe macho. Kwenye kiwanda chetu cha uchapaji, mimi ndiye ninayesimamia mashine ya kuikunja. Inaingia pana, inatoka ndogo kama kiberiti. Kila zikipita mia tano nachomoa moja, naifungua yote, naikagua mstari kwa mstari kuona kama mkunjo haujala maandishi. Ndivyo nilivyozisoma. Sikuwa na nia ya kuwa mtaalamu wa dawa. Nilipewa kazi, na mimi nikipewa kazi naifanya.

Karatasi ya dawa za mafua na kikohozi nimeikunja mpaka naijua kwa kichwa. Kabla hujameza, mwambie mfamasia kama una presha, kisukari, ugonjwa wa ini au wa figo. Mwambie dawa nyingine zote unazotumia. Usichanganye dawa mbili za mafua, maana huenda zote zina kitu kilekile ndani. Usipime kwa kijiko cha jikoni. Usimpe mtoto mdogo kabla ya kuuliza. Ukisinzia, usishike usukani. Yote yameandikwa, kwa lugha nyepesi kabisa, na watu wanaichomoa ile karatasi kwa vidole viwili kama wanatoa unywele kwenye chakula, wanaitupa, halafu wanameza. Ukiniuliza hasira zangu zilianzia wapi, zilianzia hapo.

Basi Ijumaa moja, saa nne asubuhi, mdogo wangu akanipigia simu. Nilitoka kwenye kelele za mashine nikasimama katikati ya marobota ya karatasi, kidole kimoja sikioni.

"Dada, baba hayuko sawa. Nimemkuta chini, mlangoni mwa choo. Anatapika. Anasema kichwa kinampasuka na moyo unamwenda mbio."

"Umempa nini?"

Nikasikia mlango wa gari unafungwa.

"Nakuuliza, umempa nini?"

"Sijampa kitu mimi. Leo sijampa kitu."

Hilo neno "leo" lilinitosha. Damu ilinipanda palepale.

"Na Jumanne ulimpa nini?"

"Dada, tuko ndani ya teksi, tukutane hospitali," akasema, akakata.

Inabidi nieleze hizi siku, maana bila hizo hakuna atakayeelewa. Mama yetu alipofariki, baba alikataa kuhamia kwa yeyote kati yetu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma maisha yake yote, nyumba ameijenga kwa mikono yake, na mageti ya nusu ya mtaa ni ya kwake. Akasema hatoki. Basi nikapanga zamu. Ndiyo, mimi, kwa kalamu na rula, nikabandika karatasi kwenye mlango wa jikoni. Kaka yetu mkubwa, ambaye ni msimamizi wa ujenzi, Jumatatu. Mdogo wetu, msusi, mwenye mtoto wa miaka miwili, Jumanne na Ijumaa. Mimi Jumatano na Jumapili. Alhamisi na Jumamosi hakuna mtu. Baba alisema hizo siku mbili ni za yeye kupumzika na sisi.

Zamu zilitutenganisha. Hatukukutana pale tena. Kila mmoja alikuja na kikapu chake, akafanya yake, akaondoka akiamini yeye ndiye anayemtunza baba na wengine wanapitia tu kusalimia. Na baba hakuwa mtu wa kumkataa mtoto. Mwaka uliopita, kwenye baridi, kila mmoja wetu alimletea blanketi bila kumwambia mwenzake. Mzee wa watu akalala chini ya mablanketi matatu, jasho linamtiririka, ili kila atakayekuja akute la kwake liko kitandani. Tulicheka sana siku tulipogundua. Tulipaswa kulia.

Kwa hiyo nilipokuwa kwenye bodaboda kuelekea hospitali nilishapiga hesabu kichwani. Baba alianza mafua Jumapili, mbele yangu, kikohozi kikavu na pua imeziba. Jumatatu kaka. Jumanne mdogo. Jumatano mimi. Nilijua kabisa kuna kitu kimeingizwa katikati, na nilijua mimi siyo niliyekiingiza. Nilikuwa na uhakika huo wote.

Niliwakuta kwenye korido ya wodi, ile yenye benchi refu la mbao lililochakazwa na makalio ya watu wenye wasiwasi. Mdogo wangu amekaa, kanga imemlegea kiunoni, macho mekundu. Kaka ndiyo kwanza anaingia, viatu vimejaa saruji, kofia ngumu ya kazini mkononi.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Ndani. Daktari anampima," mdogo wangu akasema. "Dada, usianze."

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Mlango ukafunguka. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, mdogo kuliko sisi wote, na alizungumza taratibu kama mtu ambaye tangu asubuhi amerudia jambo lilelile mara ishirini.

"Nani kati yenu anajua dawa anazotumia mzee?"

"Mimi," tukajibu wote watatu kwa pamoja.

Akatutazama mmoja mmoja.

"Haya. Presha yake ni mia mbili na kumi kwa mia moja na ishirini. Mpaka mwezi uliopita kadi yake inaonyesha presha ilikuwa imetulia vizuri. Anatapika, na nikimbonyeza hapa upande wa kulia, chini ya mbavu, anaruka. Nimemuuliza amekunywa nini, anasema dawa zake za presha tu. Mimi simwamini. Amekunywa nini kwa ajili ya mafua?"

"Ni mafua tu, daktari," kaka akasema. "Mafua hayawezi kumpeleka mtu hivi."

"Sijauliza kuhusu mafua. Nimeuliza kuhusu dawa."

Kaka akaangalia viatu vyake. Mdogo wangu akafunga vizuri kanga ambayo haikuhitaji kufungwa. Hapo ndipo nilipopasuka.

"Semeni!" nikasema, na najua sauti yangu ilifika mpaka mapokezi. "Baba anakufa humo ndani na nyie mnang'ang'ania kuonekana watoto wazuri! Wewe, mkubwa, Jumatatu ulimpa nini?"

"Wakili, punguza sauti."

Wakili ndilo jina walilonipa, kwa sababu nasoma kila kilichoandikwa, hata nyuma ya tiketi.

"Sipunguzi. Ulimpa nini?"

"Nilimpa limau na tangawizi."

"Muongo. Nikipiga simu kwa yule mtunza stoo wako wa saiti, ataniambia sasa hivi ni nini kimetoka kwenye lile kopo."

Maana kopo nalijua. Kila saiti ya kaka ina kopo la maziwa ofisini lililojaa pakiti za dawa ya mafua, ile ya unga unayokoroga kwenye maji ya moto. Fundi akianza kupiga chafya anapewa kikombe, anarudi juu ya jukwaa la mbao, ghorofa ya tatu, macho yamelegea. Kaka anaona huo ni ukarimu. Nimeshamwambia mara mia, siku moja mtu ataanguka. Ananijibu kwamba watu wake hawaendi likizo kwa sababu ya kamasi.

"Ni pakiti chache tu," akasema hatimaye. Akaingiza mkono mfuko wa nyuma wa suruali, akatoa moja, imekunjamana. "Nilimwachia kumi na tano. Asubuhi, mchana, jioni."

Daktari akaipokea, akaigeuza, akasoma. "Hii ina dawa ya kuzibua pua. Inabana mishipa ya damu. Mtu mwenye presha hapewi hivihivi. Nani alikuambia umpe?"

"Hakuna. Hata mimi huwa nakunywa."

"Wewe una presha?"

Nilitaka kumrukia. Mtu wa miaka hamsini, anasimamia majengo ya watu, nondo moja ikipungua anasimamisha kazi siku nzima, lakini dawa ya kumtia baba yake tumboni haipimi hata kwa macho.

"Na wewe?" nikamgeukia mdogo wangu. "Fungua hiyo pochi."

"Dada, mbele za watu?"

"Fungua."

Akafungua. Kapsuli za rangi mbili, nyekundu na nyeupe, zimefungwa kwenye karatasi ya chooni. Hazina boksi, hazina jina, na karatasi ya maelezo haipo.

"Boksi liko wapi?"

"Nilitupa. Lilikuwa halienei." Akaanza kulia. "Kuna mteja wangu alisema zinakata mafua siku moja. Mumewe alikuwa hoi, akazitumia, kesho yake akaenda kazini. Nilimpa baba, nikamwachia na nyingine, moja asubuhi, moja mchana, moja jioni. Siyo nyingi, Dada. Moja moja tu. Na dawa ya maji kidogo ya mtoto, ile iliyobaki, ili apate usingizi."

"Kidogo kiasi gani?" daktari akauliza.

"Kijiko cha chakula."

"Mara ngapi?"

"Nilimwambia akikohoa anywe."

"Akikohoa!" nikasema. "Mtu ana kikohozi, unamwambia anywe akikohoa! Si umwambie tu anywe akipumua! Unasuka nywele za watu masaa sita, unahesabu kila msuko, lakini baba yako unampimia kwa mwiko!"

"Mama, nyamaza," daktari akaniambia, bila ukali. Aliandika kwenye kadi, akaomba simu ya mdogo wangu, wakampigia mwenye duka la dawa alikonunua. Zile kapsuli zikapata jina. Daktari akatupigia hesabu hapohapo, kadi ameiegemeza ukutani, kalamu mkononi. Unga wa kaka una parasetamoli ndani. Kapsuli za mdogo wangu zina parasetamoli ndani. Zote mbili zina dawa ya kuzibua pua, kwa hiyo kilichoipandisha presha tumekipata. Ile dawa ya maji ni ya kusinzisha, ndiyo sababu aliyumba akaanguka. "Linalonisumbua sasa ni ini," akasema. "Parasetamoli ni dawa nzuri, lakini ikizidi kipimo inaua ini kimyakimya. Mtu anatapika kidogo, anasema tumbo linauma, siku ya tatu macho yanakuwa ya njano. Nani mwingine amempa kitu?"

Nikanyoosha mgongo. Nakumbuka kabisa kwamba niliunyoosha.

"Mimi nilimpa Jumatano. Lakini mimi sikumpa takataka. Nilimpa vidonge vya kawaida, parasetamoli tupu, isiyo na kitu cha kuzibua pua wala cha kusinzisha. Kwa sababu ya presha yake. Najua ninachofanya."

"Vingapi?"

"Viwili nilimwona akimeza. Vingine nikamwachia."

"Amevimeza?"

"Sijui. Muulize. Ila vyangu haviwezi kuwa na shida."

Daktari alinitazama muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda, kisha akasema anaingia kuongea na mzee peke yake, na kwamba tubaki nje sisi sote, na kama tunaweza tunyamaze.

Hatukunyamaza. Hasa mimi. Mlango wa wodi ile ni wa mbao nyepesi na una uwazi chini wa kupitisha paka, na mimi nilisimama mbele yake nikawasema ndugu zangu mpaka nesi akatoka kuniwekea kidole mdomoni. Niliwaambia wao ndio waliomlaza baba. Niliwaambia kama kuna mtu anayemjali baba katika familia hii anajulikana. Niliwaambia kwamba baba akifa, nitasimama mbele ya watu na kusema nani alimpa nini, kwa majina na kwa siku. Mdogo wangu aliziba masikio. Kaka alikuwa anaizungusha ile kofia mikononi, anaizungusha tu. Najua niliyoyasema na siwezi kuyarudisha. Wakati ule nilijisikia vizuri. Hasira ukiwa una haki nayo ni tamu, na mimi niliamini ninayo yote.

Daktari akatoka baada ya robo saa.

"Amekubali sasa. Anakumbuka kila kitu, hata saa. Pakiti za unga tatu kwa siku tangu Jumatatu. Kapsuli tatu kwa siku tangu Jumanne. Vya Jumatano," akanitazama, "viwili tu, ulipokuwa pale. Vingine anasema hajavigusa."

Nikashusha pumzi. Nikageuka nikawatazama wenzangu. Nadhani uso ulisema yote.

"Kwa hesabu hiyo," daktari akaendelea, "amegusa mwisho wa kipimo cha mtu mzima, hajavuka sana. Presha nimeshaanza kuishusha. Kwa ajili ya kupima ini nimemtoa damu, lakini maabara yetu haina kipimo hicho. Inakwenda nje, majibu ni kesho mchana. Kuna dripu ya kuokoa ini. Tuliyonayo stoo inatosha mgonjwa mmoja, na kuna binti chumba cha tatu naye namwangalia. Siwezi kuifungua kwa kubahatisha. Angekuwa amezidisha kweli, ningeianza dakika hii, maana dawa ile inafanya kazi ukiwahi. Kwa hesabu hii, tunasubiri kesho."

"Tunaweza kumwona?" kaka akauliza.

"Mmoja mmoja. Msimchoshe."

Nikaingia mimi kwanza. Sikuuliza zamu ya nani.

Baba alikuwa amelala chali, anaonekana mdogo kwenye shuka lile, mikono yake yenye makovu ya cheche imelala juu ya tumbo. Midomo imekauka. Nikavuta kiti. Alinitazama, akajaribu kutabasamu.

"Mama," akasema. Huniita mama tangu utoto, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. "Nilikusikia huko nje."

"Samahani, baba. Walinipandisha hasira."

"Usiwaseme sana wenzako. Kila mtu alileta kwa moyo wake."

"Moyo hauna kipimo, baba. Kwa nini ulikunywa vyote? Huoni ni vingi?"

"Kaka yako alikoroga mwenyewe, akasimama na kikombe mpaka nikamaliza. Ningemwambia nini? Na mdogo wako alikuja na mtoto mgongoni, ametoka mbali." Akakohoa, akashika ubavu, uso ukakunjamana. Aliposhusha pumzi, sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayetoa siri. "Wewe usiwe na wasiwasi. Vya kwako nimemwambia daktari ni viwili tu."

Sikumwelewa mara moja. Nilirudia yale maneno kichwani kama ninavyorudia mstari uliokatwa na mkunjo. Umemwambia ni viwili. Siyo kwamba vilikuwa viwili.

"Baba. Ulikunywa vingapi?"

Akageuzia uso dirishani.

"Vya kwangu. Ulikunywa vingapi?"

"Mama, usikasirike."

"Sijakasirika."

"Nilivimaliza," akasema. "Vyote kumi ulivyoniachia. Kila baada ya saa sita, viwili, kama ulivyosema. Saa sita usiku wa kuamkia leo nikamaliza vya mwisho. Uliniambia ukirudi Jumapili usikute hata kimoja."

Nilisema hivyo. Na sasa lazima niseme jinsi nilivyosema, maana hiyo Jumatano nimeiruka tangu nilipoanza kusimulia. Nilifika saa kumi na mbili jioni, nimechoka, mashine ilikuwa imekwama mara tatu siku hiyo. Nikakuta vikombe kwenye beseni havijaoshwa, nikaanza kulalamika kabla hata sijavua viatu. Nikatoa vidonge vyangu, boksi lake zima na karatasi yake ndani, nikamimina maji. Baba alisema, "Mama, mimi nimeshakunywa..." na mimi nikamkatiza. Nikadhani anasema ameshakunywa maji. Hapana, nisijidanganye, sikudhani kitu. Sikusikiliza. Nikamwambia, "Baba, leo sina nguvu za kubishana. Kunywa." Akanywa. Akafungua mdomo tena, nikasema, "Na hivi vingine viwili viwili, kila baada ya saa sita, na nikirudi nisikute hata kimoja, maana nakujua." Akafunga mdomo. Nikaosha vikombe kwa kishindo, nikaondoka.

Swali la kwanza kwenye karatasi yangu, la kwanza kabisa, juu ya mengine yote, linauliza kama mgonjwa anatumia dawa nyingine. Miaka kumi na moja nimehakikisha mkunjo hauligusi. Na yeye alikuwa ananijibu bila hata kuulizwa.

"Kwa nini hukumwambia daktari ukweli?" nikauliza.

"Nilikusikia unavyowasema. Ulishaapa mbele yao kwamba vyako havina shida." Akanipapasa mkono kwa vidole vyake vigumu. "Nikaona, yule akiaibika mbele ya wenzake baada ya maneno yote yale, atafanyaje? Kaka yako akikosea anacheka. Mdogo wako analia, basi yamekwisha. Wewe aibu huna pa kuiweka."

Nilikaa pale labda dakika moja. Naikiri dakika hiyo kwa sababu ndiyo ninayoionea aibu kuliko Jumatano yenyewe. Nilihesabu. Pakiti tatu, kapsuli tatu, vidonge vyangu vinane kwa siku ya Alhamisi peke yake. Hiyo si kugusa kipimo. Ni kukivuka maradufu, kasoro kidogo, kwa mzee mwepesi ambaye hata chakula alikuwa hali vizuri. Na vilivyomvusha vyote vilikuwa vyangu. Kisha nikawaza, labda nimfuate daktari akiwa peke yake ofisini. Labda nimnong'oneze. Ndugu zangu hawana haja ya kujua. Nikafika mpaka hapo katika mawazo, huku baba yangu anakunja uso kwa maumivu ya ubavu, huku dripu iko stoo na saa inakwenda. Nikajichukia kwa namna ambayo sijawahi kumchukia mtu yeyote, hata kaka na kopo lake.

"Mama, usiende kugombana," baba akasema niliponyanyuka.

"Siendi kugombana."

Nilipofungua mlango, daktari alikuwa bado koridoni, anaongea na kaka. Mdogo wangu alinyanyua uso, na nikaona amejikaza, anasubiri nimtukane tena. Nilisimama palepale nilipokuwa nimesimama kuwasema.

"Daktari, hesabu uliyoandika siyo," nikasema. Kwa mara ya kwanza siku hiyo ilinibidi nijilazimishe ili sauti isikike. "Vya Jumatano siyo viwili. Ni kumi na viwili. Jana pekee alikunywa vinane, na vya mwisho usiku wa kuamkia leo. Alikudanganya kwa ajili yangu. Mimi nilimpa, mimi nilimlazimisha, na alipojaribu kuniambia ameshakunywa nyingine nilimnyamazisha."

Daktari hakuuliza la pili. Alimwita nesi, akamwambia afungue ile dripu ya stoo sasa hivi, chumba cha pili, kisha akaniuliza saa kamili za vidonge vya mwisho, nikamtajia, akaandika, akaangalia saa yake. "Bado tuko ndani ya muda," akasema. "Tungesubiri majibu ya kesho, sijui." Akaingia ndani karibu anakimbia.

Tukabaki watatu. Niliegemea ukuta nikawasubiri. Nilitaka wanipigie kelele, nilitaka sana, kaka aniambie yote niliyomwambia, mdogo wangu anitajie kijiko chake na vidonge vyangu na aulize ni nani sasa aliyemlaza baba. Nilikuwa nimeshayaandaa masikio. Mdogo wangu alifuta pua kwa ncha ya kanga. Kaka alikaa kando yake, akaiweka ile kofia ngumu sakafuni, akasogea kwenye benchi ili nipate pa kukaa.